Uskoti: "Mitume Kumi na Wawili", nyumba za ufukweni ambazo wenyewe walikataa kuingia

Kwenye kisiwa cha Arran, magharibi mwa Uskoti, watalii husimamisha gari kupiga picha mstari wa nyumba 12 nyeupe zinazotazama bahari. Zilijengwa kwa ajili ya watu waliofukuzwa kwenye mashamba yao ili kupisha kulungu. Watu hao walizitazama, wakageuka, wakaenda zao.

Barabara inayozunguka Arran inafuata maji karibu safari nzima. Ukitoka kijiji cha Lochranza, kaskazini ya kisiwa, na kushuka kuelekea kusini-magharibi, bahari iko kuume na mlima uko kushoto. Baada ya kilometa tatu hivi mlima unarudi nyuma kidogo, bonde linafunguka na mto mdogo unaingia kwenye ghuba yenye kokoto. Hapo ndipo Catacol, kijiji cha wakaaji wachache. Na hapo, mbele ya bahari, barabara tu ikizitenga na ufukwe, zimesimama nyumba 12 zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kama watoto waliopangwa mstari mbele ya shule.

Wenyeji wanaziita Mitume Kumi na Wawili.

Ukipita haraka utasema nyumba zote ni sawa: rangi nyeupe, paa la mawe bapa, vyumba chini na orofa moja juu. Ukisimama na kutazama vizuri utaona jambo. Madirisha ya juu hayafanani. Umbo lake linabadilika kutoka nyumba moja hadi nyingine, na mwashi aliyejenga hakukosea. Alifanya hivyo makusudi.

Simulizi linalotolewa kisiwani ni hili. Wanaume wa nyumba hizi walitakiwa kuwa wavuvi katika mlango wa bahari wa Kilbrannan, kati ya Arran na rasi ya Kintyre. Usiku, mke akitaka kumwita mumewe, aliweka mshumaa kwenye dirisha la juu. Mvuvi akitazama nchi kavu kutoka baharini aliona umbo la mwanga na kujua kama ni nyumba yake au ya jirani. Kwa msomaji wa Kalemie, Uvira au Bukavu, aliyezoea kuona taa za wavuvi zikielea ziwani usiku, hapa mambo yamegeuzwa: taa iko nyumbani, na mvuvi ndiye aliye gizani.

Ni hadithi nzuri, na ndiyo inayouza kadi za posta. Lakini inaficha swali. Ni nani walitakiwa kuwasha mishumaa hiyo, na walikuwa wakiishi wapi kabla ya kujengewa nyumba hizi?

KISIWA CHA MTU MMOJA

Arran ina ukubwa wa kilometa mraba 432 hivi. Ni kikubwa kuliko kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Lakini Idjwi inakaliwa na watu zaidi ya laki mbili, na Arran, kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2011, ilikuwa na watu 4,629 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 walikuwa zaidi ya 6,000. Katika muda wa karibu miaka 200, wakati idadi ya watu duniani imepanda mara nyingi, kisiwa hiki kimepungukiwa.

Sehemu kubwa ya jibu iko katika jina moja: Hamilton. Kwa karne nyingi karibu kisiwa kizima kilikuwa mali ya ukoo wa Duke wa Hamilton, mmoja wa makabaila wakubwa wa Uskoti. Duke hakuishi Arran. Jumba lake kuu lilikuwa bara, karibu na Glasgow. Kisiwani alikuwa na ngome ya Brodick, ambako alikuja kupumzika na kuwinda, na alikuwa na msimamizi aliyekusanya kodi.

Wakaaji walisema Kigaeli, lugha ya kale ya milima na visiwa vya Uskoti. Walilima kwa mpango wa zamani ambao wengi wetu tungeutambua. Familia kadhaa zilikodi shamba moja kwa pamoja. Ardhi nzuri ilikatwa vipande virefu, na vipande viligawanywa upya kila baada ya muda ili kila mtu apate sehemu yenye rutuba na sehemu yenye mawe. Ng'ombe walilisha mlimani pamoja. Katika majira ya joto vijana walipanda na mifugo juu ya mabonde na kulala kwenye vibanda.

Hawakuwa matajiri. Lakini walijua kila jiwe kwa jina. Kitu walichokosa ni karatasi. Kwa sheria ya wakati ule, mpangaji ambaye mkataba wake umeisha hakuwa na haki yoyote juu ya shamba, hata kama babu wa babu yake alizaliwa na kuzikwa pale. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ilikuwa juu ya ardhi ya mwingine.

Kuanzia mwisho wa karne ya 18, makabaila wa Uskoti walianza kupiga hesabu. Shamba la familia nyingi lilileta kodi ndogo. Shamba hilohilo likiunganishwa na kukodishwa kwa mfugaji mmoja mkubwa wa kondoo, lililipa zaidi. Hesabu hiyo ilihamisha watu katika mabonde mengi ya kaskazini na magharibi ya nchi. Historia inaikumbuka kama wakati wa kusafisha mabonde. Kilichosafishwa ni watu.

MELI YA APRILI 1829

Upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa kuna bonde linaloitwa Sannox. Hapo familia nyingi ziliondolewa ili mashamba yao yaunganishwe. Kabaila wa wakati huo, Alexander, Duke wa 10 wa Hamilton, alikubali kulipa nusu ya nauli ya wale watakaokwenda Kanada. Waliahidiwa kwamba huko watapata ardhi.

Tarehe 25 Aprili 1829, watu 86 walipanda meli ya matanga iliyoitwa Caledonia kwenye ghuba ya Lamlash. Kabla ya kuondoka, mchungaji wao alisimama juu ya kilima kidogo karibu na maji na kuwahubiria kwa neno la Mtume Petro, lile linalowaambia waamini kumtwika Mungu fadhaa zao zote. Baada ya miezi miwili baharini, tarehe 25 Juni, walifika Quebec. Wengi wao walifungua mashamba msituni katika eneo la Megantic, wakaendelea kusali kwa Kigaeli. Familia nyingine za Arran ziliwafuata katika miaka iliyokuja, na nyingine zilielekea ghuba ya Chaleur, katika jimbo la New Brunswick.

Leo, palepale Lamlash, kuna mawe ya ukumbusho yaliyowekwa kwa niaba ya wajukuu wa waliosafiri. Yanatazama maji. Nyuma yake kuna mstari mwingine wa nyumba nzuri za ufukweni, Hamilton Terrace, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na wenye jina la ukoo uleule. Mgeni anaweza kusimama mahali pamoja na kuona yote mawili: jiwe la waliokwenda, na jina la aliyewalipia nusu ya nauli.

KULUNGU WANACHUKUA BONDE

Kondoo walikuwa hatua ya kwanza. Kulungu walikuwa ya pili.

Katikati ya karne ya 19 Malkia Victoria na mumewe walianza kukaa Balmoral, katika milima ya Uskoti, na kuwinda kulungu wekundu kukawa mtindo wa watu wakubwa. Ni wanyama wenye pembe za matawi, wale ambao Biblia ya Kiswahili inawaita ayala. Reli ilirahisisha safari kutoka London. Matajiri wapya wa viwanda walikuwa tayari kulipa pesa nyingi kwa wiki chache za bunduki na baridi. Kabaila mwenye mlima mtupu alikuwa na kitu cha kuuza. Mwenye mlima uliojaa mashamba, ng'ombe na watoto hakuwa nacho.

Duke wa 11, William, alikuwa mtu wa majumba ya kifalme. Mke wake, Marie wa Baden, alikuwa binti wa mtawala wa Kijerumani na ndugu wa ukoo wa Napoleon III, mfalme wa Ufaransa. Mwaka wa 1844, mwaka mmoja baada ya ndoa yao, kazi ya kupanua ngome ya Brodick ilianza, ili ngome hiyo ifae kupokea wageni wa hadhi hiyo. Kaskazini ya Arran, yenye milima mikali na mabonde marefu, ikawa uwanja wao wa kuwinda.

Watu wa eneo la Catacol walikuwa njiani. Safari hii hawakuambiwa wapande meli. Walijengewa nyumba.

Msomaji wa Kivu hawezi kusoma habari hii bila kufikiri jirani. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka wa 1970, na katika miaka iliyofuata familia za Batwa ziliondolewa msituni. Mwezi wa Julai 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa. Mambo haya mawili hayalingani: Arran ilikuwa mchezo wa matajiri, na hapa kwetu sababu iliyotolewa ni kulinda sokwe. Lakini swali la aliyefukuzwa ni moja. Umenipa nini badala ya ardhi yangu?

MSTARI WA NJAA

Jibu la Arran lilikuwa nyumba 12 za ufukweni. Zilijengwa katika miaka ya 1860. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1863.

Tuseme kweli: kwa wakati ule zilikuwa nyumba bora. Wakulima wengi wa visiwa vya Uskoti walikuwa bado wanaishi kwenye nyumba za mawe makavu zenye paa la nyasi, moto katikati ya sakafu na ng'ombe upande wa pili wa ukuta. Catacol walipewa kuta zilizonyooka, paa la mawe bapa, orofa na madirisha ya vioo. Afisa yeyote angekuja kukagua angeandika ripoti nzuri. Hata leo, mpiga picha anaona ukarimu.

Lakini mkulima hakuangalia paa. Aliangalia nyuma ya nyumba, akaona mlima. Aliangalia mbele, akaona barabara, kokoto na maji ya chumvi. Shamba liko wapi? Ng'ombe atalisha wapi? Jibu lilikuwa kwamba kuanzia sasa yeye ni mvuvi.

Kuvua baharini si kazi ya kuanza Jumatatu. Inataka mtumbwi imara, nyavu, kamba, na pesa za kuvinunua. Inataka pia kujua upepo na mikondo, elimu ambayo baba humpa mwana kwa miaka mingi. Bahari ya Uskoti wakati wa baridi inaua hata wanaoijua. Watu wa Catacol walijua kulima na kufuga. Walipewa dirisha la kumwita mvuvi kutoka baharini, na hakuna hata mmoja aliyeomba kuwa mvuvi.

Kulingana na kumbukumbu ya kisiwa, walikataa. Walihamia sehemu nyingine za Arran walikoweza kupata kipande cha kulima, na nyumba zikabaki tupu. Mwezi ulipita, majira yakapita, mwaka wa kwanza ukaisha, na wa pili. Wapita njia waliona mstari mzima wa milango iliyofungwa na madirisha yasiyo na mwanga. Kabla ya kuitwa Mitume, nyumba zilipata jina lingine kwa watu wa kisiwa: Mstari wa Njaa.

Jina hilo lina akili. Halisemi kwamba nyumba ni mbaya. Linasema kwamba anayeingia humo atakufa njaa. Kwa maneno machache, watu wasio na mwanasheria wala gazeti walieleza tofauti kati ya kupewa mahali pa kulala na kupewa mahali pa kuishi.

Baadaye wapangaji wengine walipatikana, moshi ukaanza kutoka kwenye mabomba ya paa, na jina la Mitume likashika. Hadithi ya mishumaa ikabaki juu, hadithi ya njaa ikashuka chini. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi na majengo ya zamani: umbo linaonekana, lakini sababu haionekani.

JUMBA LIMEANGUKA, NYUMBA ZIMESIMAMA

Duke wa 11 alifariki Paris mwezi wa Julai 1863, mwaka huohuo unaotajwa kuwa wa ujenzi wa nyumba za Catacol. Mwanawe, Duke wa 12, alikuwa na umri wa miaka 18. Alijulikana kwa farasi wa mashindano na kwa madeni. Mwaka wa 1882 aliuza kwa mnada hazina ya picha, vitabu na samani za Hamilton Palace, jumba la ukoo wake karibu na Glasgow, moja ya majumba makubwa kuliko yote ya Uskoti.

Jumba lenyewe halikudumu. Chini yake kulikuwa na makaa ya mawe, na migodi iliyoendeshwa kwenye ardhi ya ukoo ilichimba mpaka msingi ukawa hatarini. Katika miaka ya 1920 jumba lilibomolewa. Mtu wa Kolwezi anayejua nyumba zilizopasuka kwa sababu ya machimbo hahitaji maelezo zaidi.

Ngome ya Brodick ilipita mikononi mwa shirika la National Trust for Scotland mwaka wa 1958, na sasa mtu yeyote anaweza kununua tiketi na kuingia. Sehemu ya ardhi ya kisiwa bado inamilikiwa na watu wa uzao uleule. Nyumba 12 za Catacol, zile zilizojengwa kwa watu wadogo, bado zimesimama. Zimo katika orodha ya majengo ya historia yanayolindwa: mwenye nyumba hawezi kuamka asubuhi na kubadilisha umbo la dirisha apendavyo.

SHERIA ILIYOCHELEWA MIAKA 124

Hasira ya wakulima wa Uskoti haikuishia Catacol. Katika miaka ya 1880, kwenye kisiwa cha Skye na sehemu nyingine, wapangaji walikataa kulipa kodi, wakapigana na polisi, na serikali ikatuma wanajeshi. Tume ya uchunguzi iliundwa mwaka wa 1883 na kuzunguka vijijini kusikiliza watu. Mwaka wa 1886 bunge la London lilipitisha sheria ya wakulima wadogo. Mkulima mdogo alipata haki ya kubaki kwenye shamba lake maadamu analipa kodi, haki ya kodi ya bei inayofaa, haki ya kulipwa kwa alichojenga akiondoka, na haki ya kurithisha shamba kwa jamaa yake.

Ilikuwa ni haki ileile ambayo watu wa Sannox na Catacol walikosa. Lakini sheria ilitaja wilaya kwa majina, na wilaya ya Bute, ambamo Arran ilihesabiwa, haikutajwa. Mkulima wa ng'ambo ya maji, kule Kintyre, alilindwa. Wa Arran hakulindwa. Ilifika mwaka wa 2010 ndipo serikali ya Uskoti ilipoongeza Arran katika maeneo yanayoruhusiwa kutumia mfumo huo. Miaka 124 ilikuwa imepita.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna kitu ambacho hakuna sheria inayoweza kurudisha. Kigaeli cha Arran kilikuwa na matamshi yake na maneno yake. Watu waliokisema walipotawanyika, na shule zikafundisha Kiingereza tu, lugha ilirudi nyuma kutoka barabarani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi kwa wazee wachache. Msemaji wa mwisho wa Kigaeli cha kisiwa hiki alifariki katika miaka ya 1970. Majina yamebaki kwenye ramani, juu ya vilima na vijito. Wakaaji wengi leo wanayasoma bila kujua maana yake.

LEO: NANI ANAWEZA KULALA ARRAN?

Uskoti bado ni moja ya nchi za Ulaya ambako ardhi iko mikononi mwa watu wachache sana. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wasiofika 500 wanamiliki nusu ya ardhi yote ya watu binafsi vijijini. Kuna mabadiliko. Mwaka wa 1997 wakaaji wa kisiwa cha Eigg walikusanya pesa na kununua kisiwa chao. Mwaka wa 2002 watu wa Gigha, kisiwa kidogo upande wa pili wa Kintyre, walifanya vilevile. Mwaka wa 2003 sheria mpya ilizipa jumuiya za vijijini haki ya kuwa za kwanza kununua ardhi yao inapouzwa.

Kwa Arran, shida imebadilika sura. Zamani watu waliondolewa kwa barua ya msimamizi. Sasa wanaondolewa na bei. Kisiwa ni kizuri, kiko karibu na Glasgow, na meli ya kutoka Ardrossan ilizoea kuvuka kwa muda wa saa moja hivi. Watu wa bara wananunua nyumba za likizo, wanakuja wiki chache kwa mwaka, siku nyingine wanazipangisha kwa watalii au kuzifunga. Nyumba ya mvuvi yenye madirisha mawili juu ya bahari imekuwa bidhaa ghali. Muuguzi, mwalimu, dereva wa basi na mpishi wa hoteli wanatafuta chumba na hawapati. Vijana waliozaliwa kisiwani wanahamia bara kwa sababu hawawezi kulipa.

Serikali ya Uskoti imeanza kubana. Anayepangisha nyumba kwa wageni wa siku chache lazima awe na kibali. Tangu Aprili 2024 halmashauri zimeruhusiwa kutoza kodi mara mbili kwenye nyumba ya pili ya mtu. Na wakaaji wa Arran hawakungoja: shirika lao la maendeleo, Arran Development Trust, lilijenga nyumba 18 Lamlash kwa ajili ya watu wanaohitaji kuishi na kufanya kazi kisiwani. Ukilinganisha na 12 za Catacol, tofauti haiko kwenye idadi. Safari hii waliokaa mezani kuamua zijengwe wapi na kwa ajili ya nani ni watu wa kisiwa wenyewe.

BAHARI WALIYOIFUNGA WENYEWE

Kuna mfano mwingine, na huu unahusu viumbe wa porini.

Katika miaka ya 1990 wapiga mbizi wa Arran waliona kwamba sakafu ya bahari yao imekwanguliwa na vyombo vya kuvulia. Samaki ambao zamani walijaza mlango wa bahari wa Kilbrannan walikuwa wamepungua mno. Mwaka wa 1995 wakaaji waliunda chama cha kutetea bahari. Walikwenda kwenye ofisi za serikali, wakarudi, wakaenda tena. Mwaka wa 2008 sehemu ya ghuba ya Lamlash, ghuba ileile ambako Caledonia ilitweka matanga, ilifungwa kwa uvuvi wote. Ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo Uskoti, na ilitokana na ombi la wakaaji. Baadaye eneo kubwa zaidi la kusini ya kisiwa lilipewa ulinzi.

Kwa hiyo watu wa Arran si maadui wa wanyama. Walikubali kujifungia mlango wao wenyewe, kwa sababu waliulizwa, au kwa usahihi zaidi, kwa sababu wao ndio waliouliza. Mwaka wa 1863 hakuna aliyewauliza watu wa Catacol kama wanataka kuishi na kulungu, mbali na kulungu, au badala ya kulungu.

Kulungu wenyewe bado wako. Kaskazini ya kisiwa wanashuka mpaka kijijini Lochranza, wanakula majani kwenye uwanja wa gofu na kuvuka barabara bila haraka. Watalii wanawapiga picha, kisha wanaendelea kilometa tatu mbele kupiga picha Mitume.

Mwezi wa Januari 2025, baada ya kuchelewa miaka mingi na kugharimu pesa nyingi kuliko ilivyopangwa, meli mpya ya Arran ilianza kubeba abiria. Ni meli kubwa, na kwa kuwa haikutosha kwenye bandari ya Ardrossan, inaondokea Troon. Kwenye ubavu wake imeandikwa Glen Sannox, maana yake bonde la Sannox. Wageni wanaokwenda kuona nyumba 12 za ufukweni wanafika kisiwani wakiwa ndani ya jina la bonde ambalo watu wake walipakiwa melini mwaka wa 1829, wakalipiwa nusu ya nauli, na hawakurudi.